Dhiraa za nani? Shajara ya safina yetu ya Mafinga

3 Februari

Ukifundisha Mafinga kipindi hiki cha mwaka, unagombana na bati. Mvua ikianza kupiga paa, watoto wanauona mdomo wangu ukicheza lakini hawasikii neno. Leo ilianza saa tano, tukiwa katikati ya silabi za nga, nge, ngi. Nikaweka chaki chini, nikawaonyesha kwa mikono: tulieni, sikilizeni. Wakatulia. Baada ya muda mmoja wa dawati la pili akaja mpaka mezani kwangu, akanivuta sketi nikainama, akanipigia kelele sikioni: "Madam, safina ya Nuhu ilikuwa na bati?"

Swali hilo ndilo limezaa mradi huu. Jioni nimekaa na mwenzangu wa Darasa la Pili tukakubaliana: tunajenga safina, tunaanza wiki hii, tunamaliza Pasaka. Mimi wa Darasa la Kwanza nina watoto 38, yeye ana 34, na ukuta uliopo kati yetu una mlango. Jumatano na Ijumaa, vipindi viwili vya mwisho, tunawaunganisha.

Niseme ukweli kidogo, maana shajara hii wataisoma walimu wenzangu na wanajua. Shule yetu ni ya kanisa, kipindi cha dini kipo kwenye ratiba, lakini kwa watoto wadogo kimegeuka kuwa kipindi cha pambio na kupaka rangi picha. Hesabu zikichelewa, ndicho cha kwanza kutolewa sadaka. Nataka nione kama hadithi moja ya Biblia inaweza kubeba hesabu zenyewe, na kusoma, bila mimi kuisukuma kwa bega.

Mwalimu Mkuu ameridhia. "Sawa, ila KKK isilale," yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Haitalala.

Majina ya watoto siandiki.

5 Februari

Jumatano ya kwanza. Tumesoma habari yenyewe, Mwanzo sura ya 6, polepole. Urefu dhiraa 300, upana 50, kwenda juu 30. Nikauliza dhiraa ni nini. Kimya. Nikaonyesha: kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Basi, darasa zima likawa viwiko.

Zoezi lilikuwa dogo: kila kundi lipime ubao kwa dhiraa. Ubao ni huohuo mmoja. Kundi la kwanza likasema 8. La pili 7. Kundi la watoto wakubwa wa Darasa la Pili, 6 na kitu. Mimi nikapima mwenyewe nikapata 5 na kipande.

Nilikuwa nimetegemea wacheke. Hawakucheka, waligombana. Kundi la 8 lilisema kundi la 6 limeruka. Kundi la 6 likasema wale wamepima kwa kurudiarudia. Wakapima tena, safari hii kila kundi likiwa na msimamizi wa kundi pinzani, namba zikabaki vilevile. Hapo ndipo mmoja, mdogo kabisa kwa umbo, alipouweka mkono wake kando ya wangu juu ya meza, akautazama, akasema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Kumbe wa Madam ni mrefu."

Nikawaacha waende nyumbani na swali: zile dhiraa 300 zilikuwa za nani?

Kwenye andalio la somo nilikuwa nimeandika "mwanafunzi aweze kupima kwa vipimo visivyo rasmi". Aliweza. Kilichonishangaza ni kwamba ugomvi ulifundisha kuliko mimi.

7 Februari

Majibu yalikuja mengi. Dhiraa za Nuhu. Dhiraa za Mungu (mwenzangu akanitazama, nikatazama dirishani). Dhiraa za Madam kwa sababu ndiye mkubwa. Dhiraa za kiranja. Hiyo ya kiranja ilizua kelele kubwa kuliko zote, kwa sababu kiranja ana marafiki, na marafiki zake wangepimiwa vizuri. Nikawaambia hatupimi watu, tunapima safina. Haikusaidia kitu.

Ndipo binti mmoja wa Darasa la Pili, ambaye huwa hanyooshi mkono, akanyoosha. "Tutumie mkono wa mama wa jikoni. Upawa wake haupendelei."

Darasa zima likasema eeeh.

Nilihitaji sekunde chache kuelewa. Kila siku saa nne wanapanga foleni ya uji, na kila mmoja anapewa upawa mmoja: awe mtoto wa mchungaji, awe mtoto wa kibarua wa shamba la miti. Nimefundisha hapa miaka kadhaa na sijawahi kuufikiria upawa ule kama kipimo. Wao wanakiishi.

Tukaenda wote jikoni. Mama wa jikoni alikuwa anakosha sufuria. Alipoelezwa alidhani tunamtania, kisha akajifuta mikono kwenye khanga, akakunja mkono wa sweta, akaulaza mkono mezani. Watoto wakachora kwa chaki pande mbili. Mwenzangu akapima kwa rula ya darasa: sentimita 44. Hiyo ndiyo dhiraa yetu.

12 Februari

Tulitaka kutengeneza kamba ya dhiraa 10. Kosa la kwanza: tulifunga fundo kila dhiraa. Kila fundo linakula kamba, na tulipofika la kumi tulikuwa na dhiraa 9 na kidogo. Watoto wenyewe ndio waliligundua, walipoirudisha kamba mezani kwenye ule mchoro wa chaki. Tukaanza upya na kamba ya katani, safari hii kila dhiraa tukiifunga kwa uzi mwekundu wa sweta bila kuikunja kamba. Dhiraa 10, mita 4 na sentimita 40.

Leo pia tulikuwa na mgeni. Mmoja wa watoto wangu ni Mwislamu (tunao wachache, wazazi wanapenda nidhamu ya shule na hatujawahi kugombana), na alipofika nyumbani na habari za dhiraa, babu yake akasema hiyo mbona anaijua. Babu ni fundi cherehani hapa mjini, kwao Kilwa. Tukamwalika.

"Shikamoo Babu," watoto 72 kwa pamoja. "Marahaba wajukuu zangu." Kisha akawapa kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote nilicho nacho darasani. Akanyoosha kiganja, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho: shibiri. Shibiri mbili, dhiraa moja. Dhiraa mbili, wari. Dhiraa nne, pima moja, na akanyoosha mikono yote miwili kama msalaba kuonyesha. Nguo zilikuwa zikipimwa hivyo, akasema, na mnunuzi mjanja alikuwa anaenda dukani na mjomba wake mrefu.

Halafu akaharibu kila kitu: akakunja ngumi. Kuna dhiraa kamili, mpaka ncha ya kidole, na kuna dhiraa konde, inayoishia kwenye ngumi. Watoto wakageuka wote kunitazama. Nikasema yetu ni kamili, imeshachorwa, hatubadilishi.

Akaulizwa pia kuhusu mti. Biblia yetu ya kanisani inasema safina ilikuwa ya mti wa mvinje, na hapa kwetu mtoto anajua mpaini, mlingoti na mti wa parachichi. Babu akasema mvinje imejaa ufukweni, majani yake membamba kama nywele, upepo ukipita inalia. Mtoto mmoja: "Kama mpaini?" Babu akafikiri. "Kama mpaini aliyehamia baharini." Nimeiandika ubaoni sentensi hiyo, Darasa la Pili wameinakili kwa mwandiko wa kuunganisha.

Alimwita Nabii Nuhu muda wote. Hakuna mtoto aliyeuliza kwa nini.

14 Februari

Uwanjani. Dhiraa 300 ni kamba 30. Darasa la Kwanza bado hatujafika mia kwenye hesabu, lakini kuhesabu kamba 30 wanaweza, na kila kamba tuliweka kizibo cha soda kwenye kopo. Darasa la Pili kazi yao ilikuwa kutamka: kumi, ishirini, thelathini, mpaka mia, kisha mia na kumi.

Tulianzia kwenye kona ya vyoo. Tukakata uwanja wa mpira wote. Kamba ya 24 ikatufikisha kwenye uzio, zimebaki 6. Watoto hawakukubali tupinde. "Nuhu hakupinda," akasema mmoja, na sikuwa na andiko la kumpinga. Basi wachache tukapita kwenye uwazi wa uzio, tukaingia kwenye mahindi ya jirani, kwa uangalifu, tukinyoosha kamba kati ya mistari.

Hapo nilikosa akili. Ukiona watu wanapita shambani kwako na kamba na vigingi, wewe ungefikiria nini? Jirani alitoka mbio na jembe mkononi.

"Kamwene, mwalimu. Mnapima shamba langu?"

"Kamwene, mama. Hapana, tunapima safina."

"Safina ya nani?"

"Ya Nuhu."

Akatazama kamba, akatazama watoto wenye vizibo, akacheka mpaka akashika jembe kama fimbo. "Haya, Nuhu aje. Ila mahindi yangu asikanyage." Nimemwomba radhi mbele ya watoto, na nitarudi na sukari. Mwalimu mwenzangu unayesoma hapa: nenda kwa jirani siku moja kabla.

Mita 132 kwa jumla. Upana kamba 5, mita 22. Tuliporudi uwanjani tukawasimamisha watoto wote 72 ndani ya mistari, wakaonekana kama punje za mahindi zilizomwagika uani. Kimo hatukuweza kupima, mita 13 na kidogo, tukakisia kwa macho: ule mti wa mlingoti wa getini. Watoto walisimama chini yake wakitazama juu kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, mpaka kengele ikalia.

21 Februari

Mabanzi tumepata bure. Kwa mji unaolala kando ya Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini, mabanzi ni kitu ambacho watu wanakushukuru ukikichukua. Baba wa mtoto mmoja ni seremala, akajitolea kutupigia randa na kukata.

Mimi na mwenzangu tulikuwa tumepiga hesabu usiku: nusu sentimita kwa kila dhiraa. Urefu sentimita 150, upana 25, kimo 15. Tulimpa karatasi kwa fahari. Fundi akaitazama kama mtu aliyepewa barua ya lugha nyingine. "Mwalimu, mbao tunakata kwa inchi." Akatoa penseli sikioni, akauliza vipimo vya Nuhu vyenyewe, 300, 50, 30, akanyamaza kidogo, kisha akaandika juu ya ubao: futi 5, inchi 10, inchi 6.

Futi 5 ni inchi 60. Sitini, kumi, sita. Kila inchi ni dhiraa 5, hakuna salio wala nusu. Sisi wenye vyeti tulikuwa tunahangaika na nusu sentimita.

Nimemwomba aje awaonyeshe watoto mwenyewe. Alikuja na futikamba, wakahesabu kwa tano tano mpaka 300, inchi kwa inchi, na yeye akikata hewa kwa penseli kila walipotaja. Mwanawe alikuwa amekaa mbele, amefunga mikono kifuani kama mwenyekiti wa kijiji.

26 Februari

Siku mbaya. Nuhu aliambiwa apake lami ndani na nje. Lami hatuna. Kinachotumika hapa kwenye mbao ili mchwa wasile ni oili chafu ya magari, na nikaona itafaa. Nikamimina kwenye kopo, nikagawa brashi nne, nikageuka kumfuta mtoto kamasi.

Kwa dakika moja hiyo mashati meupe 11 yaliguswa. Moja lilikuwa na kiganja kizima mgongoni, vidole vyote vitano, safi kama muhuri. Mzazi mmoja alikuja jioni na maneno makali, na alikuwa na haki. Nimemlipia shati. Oili chafu si kitu cha mikono ya watoto hata kidogo, inawasha ngozi na haitoki, na nilijua hivyo kabla. Niliiandika "shughuli ya vitendo" kwenye andalio na maneno yakanipumbaza.

Tumepaka wenyewe watu wazima Alhamisi, na ndani fundi ameziba nyufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Kuanzia sasa kwa kazi ya rangi au gundi kila mtoto anakuja na shati la baba lililochakaa, analivaa nyuma mbele.

5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nusu ya watoto walikuja na alama kwenye paji la uso, nusu hawana, na wapo ambao makanisani kwao Kwaresma haifuatwi kabisa. Babu fundi naye yumo kwenye Ramadhani. Nikaona tusiache bahati hii ipite: mvua ya Nuhu siku 40, Kwaresma siku 40. Tumebandika manila ukutani, miraba 40. Kila siku tunaweka kizibo: cha buluu mvua ikinyesha, cheupe isiponyesha.

Ndani ya siku mbili limezuka lile swali letu la zamani kwa sura mpya. Manyunyu ni mvua? Wa mtaa wa juu wanasema imenyesha, wa kando ya barabara kuu wanasema haikunyesha. Safari hii hawakuja kwangu. Walienda wenyewe wakaweka ndoo chini ya mkondo wa bati la jikoni: maji yakiingia ndoo, ni mvua. Na mwenye kutoa hukumu ni mama wa jikoni. Amelalamika kwamba tumempa ukuu asiouomba.

14 Machi

Wanyama. Udongo wa mfinyanzi, kila mtoto mnyama mmoja, na kila mnyama lazima awe na mwenzake aliyetengenezwa na mtoto mwingine. Hii ndiyo shughuli bora ya mradi wote na sina mengi ya kusema, ilijiendesha. Darasa lilikuwa kimya kama kanisa tupu.

Twiga na tembo walikuwa wengi, ingawa sidhani kama watoto watano kati ya 72 wamewahi kufika Ruaha. Mwenzangu, ambaye kwao ni Rungwe, alikataa kuondoka mpaka jozi ya kipunji iwemo. Nyani huyu alitambulishwa kwa ulimwengu mwaka 2005, anaishi kwenye misitu ya kwao huko na kidogo Udzungwa, na yeye anamzungumzia kama ndugu wa ukoo. "Ndaga," akasema jozi ilipokamilika, yaani asante kwa Kinyakyusa, akaiweka ya kwanza.

Mtoto mmoja hayupo, ana homa. Kwa hiyo wanyama ni 71, na kiboko hana mwenzake. Nimefundisha namba witiri kwa vijiti miaka yote, lakini leo nimeiona ikiwauma. Wanyama wote wamesimama wawili wawili kwenye dirisha na kiboko peke yake mwishoni. Wakamwachia nafasi kando yake na kuweka kizibo. Jumanne mgonjwa alirudi, na kazi yake ya kwanza, kabla ya kuvua begi, ilikuwa kufinyanga kiboko.

21 Machi

Sikupanga kufika Mwanzo sura ya 9. Nilipanga tuishie kwenye upinde wa mvua. Lakini watoto wana bibi zao, na bibi wanasoma Biblia mpaka mwisho.

"Madam, Nuhu alilewa. Bibi amesema."

Kicheko. Mwingine akauliza: "Alikunywa ulanzi?" Ni pombe ya mianzi, na huu ni msimu wake, kila asubuhi wanapishana na madumu njiani, swali lina mantiki. Nikasema hapana, ilikuwa divai ya zabibu, nikaanza kugeuza ukurasa.

Wa tatu akasema, bila kucheka: "Baba akinywa analala nje."

Ukimya wa aina ile mwalimu anaujua. Nilikuwa natafuta neno, mwenzangu akawahi. Hakuhubiri kitu. Akaendelea tu na hadithi pale ilipo: Nuhu alilala bila nguo, na Shemu na Yafethi wakachukua nguo wakaiweka mabegani, wakatembea kinyumenyume ili wasimwone baba yao, wakamfunika. Akainuka akaonyesha, anarudi nyuma polepole na khanga mabegani kati ya madawati, hatua kwa hatua.

Yule mtoto akamtazama mpaka alipofika mwisho. "Mimi nilimfunika na kitenge cha mama," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha."

Mwenzangu akasema, "Ulifanya vizuri, mwanangu." Tukaimba, tukaenda nyumbani. Sitaandika zaidi, isipokuwa kwamba nimezungumza na Mwalimu Mkuu na mama mtu ataitwa kwa upole.

28 Machi

Andiko la kukariri ni Mwanzo 8:22, majira ya kupanda na mavuno. Nililichagua kwa sababu ya mahindi na viazi vyetu, nikasahau kwamba ndani yake mna kaskazi na kusi. Hakuna mtoto wa Mafinga anayejua kaskazi ni nini. Wa Darasa la Pili alidhani ni upande wa kaskazini umekatwa mwisho. Nikamtuma mjukuu wa Babu fundi, akarudi kesho yake na jibu amelishika kwa moyo: kaskazi ni upepo wa kuanzia Desemba mpaka Machi, unatoka kaskazini; kusi unatoka kusini, unaanza Aprili; na majahazi yalikuwa yanakwenda kwa huu na kurudi kwa ule. "Na Babu amesema hapa kwenu hakuna upepo, kuna baridi tu."

Njiwa wa manila ana jani la parachichi mdomoni. Nimesema mzeituni mara tatu. Nimeacha.

14 Aprili

Kalenda ya vizibo imejaa, licha ya likizo fupi iliyotuingilia katikati. Watoto walipeleka hesabu nyumbani, ndoo ya jikoni ikaendelea kusimamiwa na mwenyewe. Siku 40 zimeisha jana, buluu 26. Na jana ilikuwa Jumapili ya Matawi.

Hilo liliwaudhi. Waliahidiwa kwamba siku 40 zikiisha ni Pasaka, na Pasaka ni tarehe 20. Mmoja akasema kanisa limekosea. Nikawaambia wahesabu upya kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi kabla ya Pasaka. Wakapata 46. Kisha: kuna Jumapili ngapi humo? Wakazitafuta kwenye kalenda, wakazizungushia: 6. Arobaini na sita toa sita. Nilisubiri. Ilianza kama mnong'ono nyuma, ikaja mbele: Jumapili hazihesabiwi!

Nikaeleza kwa ufupi kwamba Jumapili ni siku ya kufufuka, hatufungi. Hawakunisikiliza, walikuwa wanaenda kumwambia wa Darasa la Tatu.

16 Aprili

Kuelea. Vijana wa Darasa la Sita walichimba shimo refu kuliko safina kidogo, kina cha magoti, tukatandika turubai, mvua ya usiku ikajaza yenyewe.

Safina ilielea, na oili chafu ikaacha upinde wa mvua juu ya maji. Nusu ya watoto waliona ni muujiza na mimi sikuwa na haraka ya kueleza. Kisha wakaanza kupakia. Kwa kuwa twiga na tembo walipendwa kuliko wote, wote waliwekwa mbele, upande wa kushoto, pale kila mtu angeweza kuwaona. Safina ikainama, inainama, kondoo wawili wakateleza wakaenda majini, wakayeyuka kuwa tope. Kelele ya msiba.

Binti wa upawa akasema watembezwe. Tembo mmoja mbele, mmoja nyuma. Twiga kulia na kushoto. Kiboko katikati, wote wawili. Iliwachukua nusu saa, na nusu saa hiyo sikuongea. Safina ikasimama sawa.

Shimo tumelikausha siku hiyohiyo na kulifukia. Maji ya magoti ya kijana wa Darasa la Sita ni ya kiuno cha wangu.

28 Aprili

Safina iko juu ya kabati, ndani mna penseli na raba. Mradi umefungwa kwenye azimio la kazi, tumerudi kwenye nga, nge, ngi, na sasa hivi wanasoma "mvinje" bila kukwama.

Kamba ya dhiraa ilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Leo asubuhi haikuwepo. Watoto wakaitafuta, wakaikuta jikoni, imefunga mzigo wa kuni. Mama wa jikoni hakuona tatizo, kamba ni kamba, tena ya mkono wake. Tulipoifungua nyuzi nyekundu tatu zilikuwa zimechomoka, na ncha moja imekatwa.

Wakajadiliana pale pale mlangoni. Mmoja akapendekeza tukisie. Akazomewa. Kisha wakapanga mstari mbele ya meza ya jikoni, mmoja ameshika chaki, mwingine uzi mwekundu, wanamsubiri. Mama akatikisa kichwa, akaweka upawa chini, akaanza kukunja mkono wa sweta.